Radhi ya Mama Murielle

Mwanamke aliyekuwa akitafutwa na Kidawa alikaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kando ya ukuta wa jengo la maofisi huko Marshalltown, akisuka nywele. Kidawa alimwona kutoka ng'ambo ya barabara. Robot, kama waitavyo huku taa za barabarani, ikawaka kijani, watu wakavuka. Ikawaka nyekundu, magari yakapita. Ikawaka kijani tena, na Kidawa bado amesimama pale pale, kakumbatia mkoba wake kifuani. Njia hizi alizijua tangu ujana. Hapa ndipo alipotembeza beseni la sambusa alipofika Johannesburg, msichana wa Tanga mwenye ulimi mwepesi, akiwaita wafanyakazi wa maofisi "bwana arusi" mpaka wanunue huku wakicheka. Hapakuwa na kona aliyoiogopa. Leo aliogopa vidole vya msusi.

Msusi huyo aliitwa Célestine, mtu wa Bukavu. Binti yake, Murielle, alikufa kwa moshi ndani ya karakana ya mume wa Kidawa, na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje.

Mume mwenyewe ni Haidari, fundi wa jinzi, Mkurdi kutoka Uturuki. Alianza kama mteja wa sambusa. Kila siku aliuliza ndani mna nini, na kila siku Kidawa alimjibu jambo jipya, leo kuku, kesho siri, keshokutwa uchawi wa Kidigo. Haidari hakuweza kulitamka jina lake. Alimwita Kidava, na akaendelea kumwita hivyo hata baada ya shehe wa Mayfair kuwafungisha ndoa, na hata baada ya Kiswahili chake kunyooka hadi kugombana nacho.

Baada ya arusi ndipo alipompeleka kwenye nyumba ya kwao. Haidari alikuwa Mwalevi. Kidawa hakuwa amepata kulisikia neno hilo. Waalevi humpenda Ali na kizazi chake kwa mapenzi ya machozi, lakini hawaendi msikitini. Wana nyumba yao, na ibada yao huiita jemu. Ya Johannesburg ilikuwa ghorofa ya juu ya ghala la zamani la vifungo, Doornfontein, familia chache tu, mazulia mengi, na harufu ya chai isiyokwisha. Wanaume na wanawake huketi pamoja wakitazamana, kwani kwao kibla cha mtu ni uso wa mwenzake. Kiongozi wao, wanayemwita dede, hukaa juu ya ngozi ya kondoo. Mtu hupiga kinanda cha nyuzi chenye shingo ndefu, na wengine huinuka, mume na mke, wakazunguka polepole mikono ikipanda na kushuka kama korongo warukao. Siku ya kwanza Kidawa alijivuta ushungi mpaka puani, akasema moyoni: Mola wangu, nimeolewa ngomani.

Lakini kilichomshika ni lile swali. Kabla ya jambo lolote, dede huuliza: yupo humu mwenye kinyongo na mwenzake? Akiwapo, ibada haianzi. Kidawa aliwahi kuona kikao kizima kikingoja wanawake wawili waliosengenyana, maharage yakapoa, watoto wakalala, na hakuna aliyewaharakisha. Tanga nako watu huulizwa. Jeneza likiwa mbele, shehe husema, mmemwia radhi marehemu? Watu huitikia tumemwia, tumemwia, hata swali halijafika mwisho, kwa kuwa jua ni kali na kaburi liko wazi. Huku Doornfontein mtu aliruhusiwa kufikiri.

Nyumba ile ikamlea. Mimba yake ilipotoka, wanawake wasiojua lugha yake walikuja kwa zamu kumpikia supu na kumsugua mgongo. Mwaka ambao maduka ya wageni yalichomwa mitaani, walilala humo wote, vichwa huku, miguu kule, dede akiwa mlangoni na fimbo ya ufagio. Humo walioshwa wafu wao, humo ikapikwa arobaini, humo vijana walifundishwa kinanda na wazee walicheza bao la Kituruki wakitukanana. Kidawa hakuwa na shangazi wala mjomba katika mji huu. Alikuwa na ngazi zile za ghala la vifungo.

Kisha ikaja ile Januari. Sare za shule zilikuwa zimerundikana, na Haidari aliwaomba mafundi waje Jumapili. Akafunga mlango wa chuma kwa nje, kama karakana zote za mtaa ule zifungavyo kwa kuogopa majambazi, akaenda jemu na ufunguo mfukoni. Mlangoni mwa nyumba ya ibada watu huzima simu. Umeme uliokuwa umekatwa ukarudi kwa nguvu, waya wa pasi ukashika moto. Mafundi wakampigia, wakampigia. Mwishowe walivunja dirisha la choo wakatoka wakichubuka. Murielle, aliyekuwa meza ya pasi, ndani kabisa, hakutoka. Wakati huo Haidari alikuwa zuliani, dede akiuliza kama wote wako radhi, naye akijibu na wenzake kwamba wako radhi.

Mahakama ikasema ni ajali. Nyumba haikusema hivyo. Dede Zeineli, ambaye siku za kazi huendesha gari la mikate na aliyempenda Haidari kama mwanawe, alimsimamisha katikati ya mazulia akamwambia: umeanguka. Na aliyeanguka, salamu yake haipokelewi, chakula chake hakiliwi, hakanyagi ibadani, mpaka yule aliyemkosea asimame mbele yake aseme kwa kinywa chake kwamba yu radhi. Hakuna wa kumsemea.

Kidawa hakuangushwa. Ila alipopika wali wa dengu kwa arobaini ya mzee mmoja, ulirudishwa kama ulivyo, mfuniko haujaguswa, kwa kuwa ulitoka jiko la Haidari. Mwanamke aliyeurudisha alikuwa akilia. Kidawa aliumwaga wali wote usiwepo wa kumkumbusha.

Haidari hakujitetea. Kila alipoletewa wazo la kumwendea Célestine alisema, "Nitamwambia nini?" na miaka ikapita hivyo. Sasa alikuwa hana miaka. Ujanani, huko Istanbul, kazi yake ilikuwa kuzipuliza jinzi kwa mchanga ili zionekane kuukuu, na mchanga ule ulibaki mapafuni ukiyageuza jiwe. Hospitali walikuwa wameacha kumwandikia tarehe ya kurudi.

Kidawa alimwendea kwanza Salum, mtu wa kwao Tanga, mwosha maiti wa Mayfair.

"Dada Kidawa, unajichosha bure," Salum alimwambia. "Akitutoka mlete kwetu. Tutamwosha, tutamsalia, alasiri yuko ardhini. Nani atauliza maswali?"

"Mwenyewe anataka aulizwe."

"Eish! Kuna mtu anataka kuulizwa? Mimi siku yangu, atakayefungua mdomo kuuliza mtieni mchanga."

Kidawa alicheka mpaka akalia. Salum akamsogezea kiti.

Aliporudi nyumbani alimweleza mumewe. Haidari alitikisa kichwa juu ya mito. "Nisizikwe kama mtu aliyetoroka, Kidava," alisema, kisha akatumia muda mrefu kuitafuta pumzi ya sentensi hiyo moja.

Ndiyo maana Kidawa alikuwa amesimama mbele ya robot ya Marshalltown. Ilipowaka kijani tena, alivuka.

"Mama, unataka kusuka?" Célestine alimwambia, akimtupia jicho kwenye ukingo wa ushungi. Kichwa cha mteja kilikuwa kati ya magoti yake. "Kaa tu. Hata hizo chache zimebakia, nitazifanyia muujiza."

"Mimi ni mke wa Haidari."

Vidole vikasimama.

"Bibi ya ule Turki."

"Ndiye mimi, dada yangu."

"Miaka yote hii. Leo njo unakuya."

"Leo ndiyo nimekuja."

"Amekufa?"

"Bado."

"Bado," Célestine alirudia, kama mtu anayeonja mchuzi na kukuta haujaiva. Akaendelea kusuka.

Kidawa alichuchumaa palepale kwenye njia ya miguu, watu wakimkwepa, akaeleza yote: nyumba, dede, sheria ya aliyeanguka. Alikuwa ameyapanga maneno haya kwa siku nyingi na sasa yalimtoka kwa pupa. Mwishoni, kwa ile haraka ya kwao, haraka ya mazikoni, akasema, "Utaulizwa tu kama uko radhi naye. Wewe sema niko radhi, basi, yamekwisha. Neno moja, dada yangu. Hata kama moyoni…"

Akajisikia mwenyewe akiyasema.

"Hata kama moyoni nini?" Célestine aliuliza. "Unaniletea maneno yenye imeshatafunwa, miye nimeze tu? Mama, mutoto yangu nilimukuta kinywa wazi. Wazi hivi. Sasa na miye umekuya kunifunga kinywa?"

"Nisamehe. Nimekosea kusema."

"Umekosea sana."

Mteja alilalamika kwa Kizulu kwamba anavutwa. Célestine alimgusa bega kumtuliza, akalegeza msuko. Kidawa alianza kuinuka.

"Na nikisema hapana?"

"Basi ni hapana. Hakuna atakayekugusa. Bila wewe hawaendi mbele."

"Wote?"

"Wote. Na mzee wao."

"Watakaa watangoja miye?"

"Watakungoja."

Célestine alicheka kwa pua. "Kule tribunal hakuna mutu aliniuliza hata jina. Walisoma makaratasi, wakaangalia saa." Akachukua kitana. "Kwenda, mama. Miye niko kwa kazi."

Kidawa aliondoka bila kujua kama amepewa kitu au amenyimwa. Alimwachia siku na jina la mtaa na jengo, akayarudia mara mbili kama mpumbavu.

Jemu ya Doornfontein hukaa Jumapili mchana, kwa sababu hakuna anayetaka kutembea mtaa ule giza likiingia. Jumapili hiyo dede alikubali Haidari aletwe kuulizwa, lakini waumini hawakuruhusiwa kumsaidia kupanda, hivyo alikuja Salum wa Mayfair, akambeba mgongoni akizilaani ngazi moja baada ya nyingine. "Nimezoea waliokwisha kufa," alimwambia Kidawa akihema. "Hawa wazima wazito kweli." Alimteremsha mlangoni, akaketi ngazini kungoja, kofia gotini, uso ameugeuzia ukutani asije akaona mambo ya watu.

Ndani, hakuna aliyesalimu. Watu ambao Haidari alikula nao nusu ya umri wake walitazama mikono yao. Kidawa alimvua viatu na soksi, naye Haidari akasimama katikati, kichwa kimeinama, kidole gumba cha mguu wa kulia juu ya cha kushoto, kama asimamavyo mwenye kuhukumiwa. Dede Zeineli alimwambia anaweza kukaa, kwa ugonjwa wake. Haidari akakataa. Kidawa akasimama ubavuni akimshika kiuno, na kupitia shati aliuhisi kila mfupa.

Walingoja. Chai haikunywewa. Mtu alikohoa, kisha akaona haya kwa kukohoa mbele ya Haidari. Kidawa alitazama mlango mpaka mlango ukaanza kucheza machoni. Hatakuja, alijiambia. Kwa nini aje? Mimi ningekuja?

Célestine aliingia akiwa na nguo nyeupe za kanisani. Mlinzi wa mlango alimwonyesha kikapu cha simu, kwa heshima, kiganja kifuani.

"Anasema nini?"

"Anaomba uzime simu," Kidawa alisema.

"Hapana," Célestine akamwambia yule mlinzi moja kwa moja, kwa Kiswahili, kana kwamba naye ni Mkongo. "Humu ndani, simu yangu haizimi."

Mlinzi alimgeukia dede. Dede Zeineli aliinamisha macho. Célestine akapita na simu yake mkononi, akasimama mbele ya Haidari, hatua chache tu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona tangu mahakamani, na Kidawa aliona jinsi alivyoshtuka kwa alivyokonda.

Dede akauliza kwa Kituruki. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeshinda anapakia mikate tangu alfajiri, nzito, ya taratibu. Kidawa akafasiri. "Anasema: mama, huyu alifunga mlango na binti yako akafa. Uko radhi naye?"

"Muambie siko radhi."

Kidawa alifungua mdomo, lakini Célestine hakuwa amemaliza.

"Muambie alifunga mutoto yangu kama mbuzi. Ule moshi alikula, njo miye nakula kila asubuhi. Na nyinyi wote, mulikuwa hapa! Ufunguo ulikuwa humu, mukaimba nao. Sasa munamuangusha yeye peke yake, nyinyi munabakia munakaa juu ya tapi mulizotandika, munakunywa chai. Siko radhi naye. Na nyinyi pia, siko radhi na nyinyi."

Nyuso zote zikamgeukia Kidawa.

Humo ndani waliojua Kiswahili walikuwa watatu tu, yeye, mumewe na Célestine. Kidawa aliliona hilo kwa mkupuo, kama mtu anavyoona mlango ulioachwa wazi. Neno moja la Kituruki alilolisikia mara elfu, neno dogo, watu wangelia, wangemkumbatia Haidari, sauti ya nyuzi ingepanda, na kabla ya Jumapili nyingine angelala humu ndani juu ya meza ya kuoshea, watu wake wamemzunguka. Célestine asingejua. Mola angejua, lakini Mola ni mwingi wa rehema, na Kidawa alikuwa amechoka hadi kwenye meno. Ulimi wake ulikwisha kupanda kwenye kaakaa kulianza neno lile.

Haidari akasema kabla yake.

Alisema kwa Kituruki, bila kuinua kichwa, akifasiri sentensi kwa sentensi. Hayuko radhi, alisema. Anasema nilimfunga mtoto wake kama mbuzi. Akaishiwa pumzi. Watu wakangoja, na kile kifua kikipiga mluzi. Anasema moshi ule yeye anaula kila asubuhi. Akaishiwa tena, akayumba, Kidawa akamwinua. Célestine alikuwa akimtazama mdomo. Anasema ufunguo ulikuwa humu na sisi tukaimba nao. Anasema hayuko radhi na mimi, na hayuko radhi na nyinyi.

"Amewaambia nini?" Célestine aliuliza kwa sauti ya chini.

"Uliyoyasema," Kidawa akamjibu.

"Yote?"

"Yote. Hata la mbuzi."

Dede Zeineli akaweka mikono sakafuni, akajiinua kutoka ngozi ya kondoo kwa shida ya mzee mwenye magoti mabovu, akavua soksi, akaja kusimama kando ya Haidari, kidole juu ya kidole, kichwa kimeinama. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa kwikwi. Wengine wakainuka mmoja mmoja, pasipo kuambiwa, wakasimama walipokuwa. Ngozi ikabaki tupu, na Célestine akabaki peke yake upande wake, mbele ya watu hao wote walioinama.

Sheria ni kuuliza mara tatu. Dede akauliza ya pili kutoka pale aliposimama, safari hii akijitaja na yeye.

"Hapana," Célestine alisema.

Akauliza ya tatu. Célestine aliitazama kwanza simu yake.

"Muniulize tena Jumapili ingine."

Kidawa akadakia. "Dada yangu, mtazame. Jumapili ijayo huenda hayupo."

"Nimemuona."

"Na asipokuwapo?"

"Muniulize vilevile. Mukae hivi hivi, muniulize. Miye nitakuya." Akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa, akaenda mlangoni, na mlinzi akamfungulia.

Ibada haikuwapo. Chakula hakikugawanywa. Watu walivaa viatu bila kusemezana, na hakuna aliyemsalimu Haidari, kwani bado alikuwa ameanguka. Ila sasa hata wao kwa wao hawakusalimiana. Kidawa alipiga magoti kumvalisha mumewe soksi. Nyayo zilikuwa za bluu.

"Kwa nini hukuniachia?" alimnong'oneza, na hasira yake ikamshangaza mwenyewe. "Ningesema neno moja tu. Neno moja!"

"Najua ungesema, Kidava."

Salum aliinama mlangoni, akampokea mgongoni. "Wamekusamehe?"

"Hapana," Kidawa akajibu.

"Basi nisikilizeni mimi. Mlango wangu Mayfair uko wazi, hata kesho—"

"Jumapili," Haidari alisema, shavu lake likiwa juu ya bega la Salum.

Wakaanza kushuka. Kidawa alifuata nyuma na viatu vya mumewe mkononi, akikisikiliza kile kifua. Kila hatua aliona pumzi ikitoka, akalikazia macho shati la Haidari mpaka livimbe tena. Kwenye kituo cha ngazi Salum alisimama apumzike, na kwa muda kidogo shati halikuvimba, na Kidawa, mwanamke wa Tanga aliyejua dua za kila jambo, hakukumbuka hata moja. Aliupiga mgongo wa mumewe kwa kiganja kama mtu anayebisha hodi. Haidari akavuta pumzi.

"Twende," Kidawa alisema. "Twende, kaka Salum, usisimame."